Joka la Menengai lakosa jina

CHAKULA cha mchana kilichelewa kwa sababu ya joka. Mezani kwa dada yangu, mtaa wa Section 58 jijini Nakuru, hapakuwa na mahali pa kuweka sahani hata moja. Kulikuwa kumetapakaa karatasi zenye ramani za penseli, vifuniko vya soda vilivyogeuzwa kuwa wapiganaji, na dadu za rangi ya zambarau, nyingine zenye nyuso 4, nyingine zenye nyuso 20. Vijana watano, wote wa kidato cha tatu isipokuwa mmoja, walikuwa wameinamia vitu hivyo wakibishana kwa sauti. Nilidhani ni mambo ya kandanda. Kumbe walikuwa wakitafuta jina.

"Mjomba, wewe ni mtu wa gazeti," akaniambia mpwa wangu. "Joka huitwaje?"

Nilimjibu kwamba joka huitwa joka. Walicheka, nikajua kwamba nimeshindwa mtihani wangu wa kwanza.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuuona mchezo huu, nitaeleza kwa ufupi. Hauna ubao kama ule wa draft wala karata. Mmoja wa wachezaji ndiye msimulizi. Yeye hubuni nchi, vijiji, mito, watu na wanyama wa kutisha. Wengine kila mmoja hujitwalia mhusika: huyu mpiga upinde, huyu mganga, yule mwizi mwenye moyo mzuri. Msimulizi huwaambia wanachokiona, nao humjibu watakachofanya. Pale ambapo jambo laweza kufaulu au kushindikana, dadu hurushwa. Hadithi moja yaweza kuchukua miezi, na wao huiita kampeni. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliobuniwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ukatolewa mwaka wa 1974. Vijana wa Section 58 waliufuata kupitia intaneti, ambako kanuni zake za msingi hupatikana bure. Dadu zilinunuliwa Nairobi kwa pesa za kuchanga.

Msimulizi wao ni msichana, jirani wa dada yangu, mpole wa kuongea lakini asiyekubali kuharakishwa. Kampeni yake imo papa hapa Bonde la Ufa. Katika hadithi hiyo watu wamechimba visima ndani ya Menengai kutafuta mvuke, wakaliamsha joka lililokuwa limelala chini ya mwamba. Jambo la visima si la kubuni, kwani uchimbaji wa mvuke wa kuzalisha umeme ulianza humo mwaka wa 2011. Mtu akisimama ukingoni mwa shimo hilo lenye upana wa kilomita kama 12 kwa 8, akauona moshi ukipenya mawe huku na kule, hahitaji kusukumwa sana ili aamini kwamba chini yake pana kitu kinachopumua. Wapo wakazi wanaosimulia habari za watu waliopotea humo wakazungushwa siku nzima, na wengine watakuambia habari ya mwavuli unaoruka hewani mvua ikiisha. Huo mwavuli vijana waliukataa. Walisema hautishi.

Hofu ya dada

Dada yangu hakuupenda mchezo huu tangu mwanzo. Yeye ni mtu wa kanisa, na katika Biblia ya Kiswahili neno joka halina maana njema: katika kitabu cha Ufunuo ndilo Ibilisi mwenyewe. Tena yeye ni wa rika lile tuliokuwa shuleni katika miaka ya tisini, wakati nchi nzima ilipokuwa ikizungumza habari za ibada ya shetani, hata Rais Daniel arap Moi akaunda tume ya kuchunguza jambo hilo mwaka wa 1994. Mtu aliyekulia katika minong'ono ile hawezi kumsikia mwanawe akitaja mashetani sebuleni na kuendelea kukuna nazi.

Nilimwambia kwamba hata huko Marekani wazazi waliogopa vivyo hivyo. Katika miaka ya themanini makundi ya wazazi yaliulaumu mchezo huu kwa kila balaa lililowapata vijana, na kampuni iliyouchapisha ikatikisika. Toleo jipya lilipotoka mwaka wa 1989, mashetani yalikuwa yameondolewa kabisa. Miaka miwili baadaye yalirudi, lakini kwa majina mengine: baatezu na tanar'ri. Pembe zilikuwa zile zile na mikia ile ile. Lililobadilishwa ni jina tu, nayo kelele ikapungua.

Dada yangu alinitazama. "Kwa hivyo walidanganywa," akasema, akarudi jikoni. Sikuwa na jibu. Lakini aliuacha mlango wazi, na kuanzia hapo alikuwa akisikiliza.

Majina yanayokwaruza koo

Mpwa wangu alikuwa na orodha yake tayari. Majina yote yalikuwa na X, au Z, au vyote viwili, na kituo katikati kama kwamba mtu amekwamwa na mfupa wa samaki. Alilolipenda zaidi ni Vraxxith. Alilisoma kwa sauti nzito, na wenzake wakakubali kwamba linatisha.

Ndipo dadake mdogo wa miaka 7, ambaye hakuruhusiwa kucheza lakini hakuweza kufukuzwa, akajaribu kulitamka. Likatoka Virakisithi.

Kila mtu alicheka, ila msimulizi. Yeye alisema kwamba mtoto huyo amefanya tu kile ambacho Kiswahili hufanya siku zote. Neno likija na konsonanti zimesongamana, Kiswahili hulitilia irabu kati na mwisho, ndipo linaweza kukaa kinywani. Wajerumani walikuja na Schule, sisi tukabaki na shule. Akauliza: katika hadithi yetu wanakijiji wa Menengai wanalikimbia joka usiku wakipiga mayowe. Watapiga mayowe gani? Nani anayeweza kukimbia na kusema Vraxxith?

Nilianza kumheshimu msichana yule.

Ukweli ni kwamba hata hao wazungu ambao mpwa wangu aliwaiga hawakuokota majina hewani. Joka la kike lenye vichwa vitano katika mchezo wenyewe huitwa Tiamat, na hilo ni jina la kale sana la Babeli, la mungu wa kike wa bahari ya chumvi. Kinyume chake, joka jema la mchezo huitwa Bahamut, jina ambalo katika masimulizi ya Waarabu ni la samaki mkubwa aliyeibeba dunia. J. R. R. Tolkien, aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka wa 1892, alitoa kitabu chake The Hobbit mwaka wa 1937, na joka lililomo aliliita Smaug. Mwaka uliofuata alieleza gazetini kwamba alilitoa katika kitenzi cha kale cha Kijerumani chenye maana ya kujipenyeza tunduni. Alikuwa mwalimu wa lugha, akaenda kwenye lugha za mababu zake, akachimba.

Sisi nasi tuna pa kuchimba. Neno joka lenyewe limeundwa kwa ustadi: umemchukua nyoka, ukamwondolea ny-, ukampa j-, naye akavimba. Ndivyo mtu alivyokuwa jitu na mji ukawa jiji, na Nakuru yetu ilivimba rasmi mwezi Desemba mwaka wa 2021. Wamaasai nao wana hila kama hiyo, lakini wao hutumia jinsia. Kiambishi cha kiume hufanya kitu kikubwa, cha kike hukifanya kidogo, kwa hiyo olalem ni sime na enkalem ni kisu. Nilipowaeleza vijana jambo hilo, yule mvulana ambaye babu yake ni Mmaasai wa upande wa Narok alisema alikuwa akilitumia tangu utotoni bila kujua kwamba ni kanuni.

Pwani nako kuna nunda. Katika kitabu cha hadithi za Kiswahili alichokitoa Edward Steere mwaka wa 1870, yumo paka wa sultani anayeanza kwa kula mifugo, akaendelea kwa watu, hatimaye akawala hata wana wa sultani. Kitinda mimba anaapa kumtafuta. Kila anapoua mnyama humletea mama yake akidhani ndiye, na kila mara mama humwambia bado, siye. Nadhani hiyo ndiyo hadithi bora ya kutafuta jina niliyopata kuisikia, maana kijana yule anajua jina tangu mwanzo na hajui sura.

Kazi kwa akina nyanya

Msimulizi aliwapa wenzake kazi ya wiki moja. Kila mtu aende akamuulize nyanya au babu yake: kwenu, mnyama mkubwa wa kutisha anaitwaje? Jumapili iliyofuata nilikuwepo tena, safari hii nimejialika mwenyewe.

Mvulana ambaye kwao ni Nyakach alikuja na Omieri. Hili si jina la hadithi tu. Omieri alikuwa chatu mkubwa, na mwaka wa 1987 aliungua motoni, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa huko, na watu wa kwao wakahuzunika sana. Mwaka wa 2003 chatu mwingine alipoonekana Nyakach, wengi walisema amerudi. Vijana walifurahi: jina lina irabu, lina historia. Lakini mwenye kulileta alikuwa ameonywa na nyanya yake. Omieri akija huleta mvua na mavuno. Ukimfanya adui wa kuuawa kwa upanga, utakuwa umemuua nani?

Mpwa wangu aliletewa na jirani mzee wa Bahati jina la Ndamathia, dude la majini la Wagikuyu lililokaa katika mto Thagana. Wakati rika moja lilipokabidhi utawala kwa rika jingine, katika sherehe iliyoitwa ituika, ilisemwa kwamba dude hilo lilitolewa majini na nywele za mkia wake zikang'olewa zitumike katika sherehe. Kwa hivyo nalo halikuuawa. Lilihitajiwa. Alikuja pia na mukunga-mbura, upinde wa mvua, ambao katika masimulizi ni mnyama wa majini anayetoka kula mifugo. Hilo liliandikwa kwa herufi kubwa na kuzungushiwa duara.

Msimulizi mwenyewe alimuuliza nyanya yake anayekaa Njoro na kuzungumza Kikalenjin. Jibu lilikuwa Chemosit. A. C. Hollis, mzungu wa serikali aliyeandika kitabu kuhusu Wanandi mwaka wa 1909, anamweleza kuwa nusu mtu, nusu ndege, mwenye mguu mmoja, mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa, na makalio tisa. Msichana alijaribu kuusoma ufafanuzi huo kwa uso wa kazi. Alipofika kwenye makalio, mchezo ulisimama kwa robo saa nzima, na mmoja alilazimika kwenda nje kunywa maji.

Yule wa Narok alileta rangi. Katika kanuni za mchezo, rangi ya joka ndiyo tabia yake: jekundu hutema moto, jeusi hutema tindikali, jeupe baridi kali, na yote hayo ni maovu. Babu yake aliposikia kwamba jeusi ni ovu alikasirika. Kwa Wamaasai, Mungu mweusi, Enkai Narok, ndiye mwema, kwa sababu mawingu ya mvua ni meusi. Mwekundu, Enkai Nanyokie, ndiye wa ghadhabu. Tena majina hayo si ya kuchezea, alisema mzee. Lakini rangi yenyewe ni ya kila mtu, na kwa kweli nchi hii imeiandika kwenye ramani: Narok ni nyeusi, Nanyuki ni nyekundu. Mpaka leo sipiti Nanyuki bila kuwaza kwamba napita katika mji wa joka.

Jina lililosimamisha mchezo

Ilikuwa saa kumi hivi. Majina yalikuwa mengi kuliko kabla ya kuanza, na vijana walikuwa wamechoka. Mmoja wao, mchangamfu, akasema basi tutunge wenyewe. Tuanze na Kip-, akasema, kwa sababu Kip- hugonga kama shoka, kisha tumalizie vyovyote.

Msomaji wa Bonde la Ufa hahitaji kuelezwa. Kip- ni mwanzo wa majina ya wanaume wa Kikalenjin, na mengi yake husema mtu alizaliwa wakati gani: Kiprop wakati wa mvua, Kipkemei wakati wa kiangazi, Kiplagat jioni, Kipkoech alfajiri. Ni majina mazuri. Lakini joka la kampeni ile lilikuwa limeshuka Jumapili iliyotangulia na kuteketeza kijiji cha wakulima, na kijiji hicho, kwenye ramani ya penseli, kilikuwa kimepewa jina na kijana huyo huyo, kutoka kwao.

Msimulizi hakusema kitu. Alianza kuzipanga dadu kwa ukubwa. Mvulana akarudia, akidhani hakusikika.

Jikoni maji ya bomba yalikatika. Dada yangu akatoka na mwiko mkononi.

"Hilo mtatoa," akasema. Hakupaza sauti. "Mengine fanyeni mtakavyo."

Kisha akaketi mezani mwao, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mchezo uanze, akawaambia. Vijana hawa ama hawakuwa wamezaliwa, ama walikuwa wakibebwa mgongoni, wakati nchi ilipowaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na laki kadhaa wakahama makwao. Uwanja wa maonyesho wa Nakuru ulijaa mahema. Hayo wameyasoma. Ambalo hawakulisoma ni kwamba kwenye vizuizi vya barabarani hakuna aliyeulizwa amefanya nini. Mtu aliombwa kitambulisho, na jina lilitosha. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, wanasiasa walikuwa wamekwisha kuwapa majirani majina mengine kabisa. Waliwaita madoadoa.

Alisema kwamba katika chumba kile cha nyuma, ambacho sasa kina baiskeli na magunia ya makaa, aliishi kwa siku tatu mwanamke aliyekuwa jirani yao, na kwamba kwa siku hizo tatu watu wa nyumba hiyo walimwita kwa jina la marehemu mama yetu, ili mtu akisikia dirishani asishuku. Hata mimi nilikuwa silijui jambo hilo. Sikumuuliza zaidi. Alisema alitoka salama, na sasa anakaa Eldoret, na huwapigia simu kila Krismasi.

Yule mvulana alisema alipenda sauti tu. Dada yangu akamjibu kwamba anajua, mwanangu. Akaondoka kwenda kutia maji ya chai. Msimulizi akachukua kifutio, akakifuta kwanza jina la kijiji, si la joka.

Siri ndani ya mkebe

Ni yeye pia aliyetafuta njia. Alikuwa amesoma kitabu cha Ursula Le Guin kilichotoka mwaka wa 1968, A Wizard of Earthsea, ambamo kila kiumbe kina jina la kweli linalofichwa, na mchawi kijana analishinda joka kwa sababu amelijua lake. Basi, akasema, joka letu lina jina la kweli na hakuna anayelijua. Watu wanalo la kulipangia tu.

Nadhani hakuna mtu wa hapa ambaye angehitaji kitabu kumfundisha hilo. Wapo wazee wanaokataza nyoka asitajwe usiku, useme kamba. Lakini kitabu ndicho kilichowafungulia vijana mlango, nami sina ugomvi nacho.

Walitumia saa iliyobaki kutembea kwa kidole juu ya ramani, kijiji baada ya kijiji. Waliulizana kila mahali pangeliitaje joka kwa kuogopa kulitaja, nao walichota katika maana ya pale penyewe. Chini ya Menengai, ambako moshi hutoka ardhini, ni Mwenye Kupumua. Kando ya Ziwa Nakuru, jina ambalo kwa Kimaasai hutajwa kuwa la mahali pa vumbi, ni Yule wa Vumbi. Naivasha, iliyotokana na Enaiposha, maji yanayochafuka kwa mawimbi, walisema Mtikisa Maji. Longonot, mlima wa migongo mingi, walibishana sana, wakaafikiana na Migongo Saba, ingawa mimi nilisema waizidishe. Msichana alitaka kila mhusika atakapofika katika kijiji aulize kwanza watu wa hapo wanaliitaje, na anayelitaja kwa jina la kijiji kingine asifunguliwe mlango.

Jina la kweli aliliandika peke yake, akiwa amewapa mgongo. Akakikunja kikaratasi mara nne, akakitia ndani ya mkebe mtupu wa Blue Band, na mkebe ukawekwa juu ya kabati la vyombo. Utafunguliwa siku wachezaji watakapolipata, kama watalipata. Mpwa wangu hakuridhika. Alinisindikiza hadi steji ya matatu akilalamika kwamba wiki mbili zimekwisha na bado adui hana jina, na kwamba Vraxxith lilikuwa zuri.

Nilipokuwa nikiaga, mdogo wake alinivuta koti. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti msimulizi alipokuwa akiandika, na alikuwa ameona. Nikainama anitajie. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. Alilokubali kuniambia ni kwamba linaishia na A, na kwamba yeye amejaribu kulitamka chooni, na linatamkika.